Notisi ya Miezi Mitatu ya Baba Shija

Siku nilipokabidhi funguo za ofisi ya mtaa, vijana wawili walionipokea waliniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikishughulika na wapangaji na wenye nyumba. Walisema mambo ya mipaka na mifugo wanayaweza. Ugomvi wa nyumba ndio unaowanyima chakula cha mchana. Sasa nimestaafu, chakula cha mchana nakula kwa wakati, na sina kisingizio. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikunifundisha kitu, na cha pili hakikuwa kirefu cha kusimulia.

Nilianza kazi ya utendaji katika kijiji kimoja cha Shinyanga, upande wa mashamba ya pamba. Huko hakukuwa na wapangaji. Mtu aliyefika bila nyumba alipewa pa kulala kwenye mji wa mtu, na akikaa sana alijenga. Kesi zangu zilikuwa za ng'ombe walioingia shambani na wanaume waliosema ng'ombe hao si wao. Muhuri nilioukuta ulikuwa umelika upande mmoja. Ukigonga unasomeka MTENDA. Nimeutumia hivyo miaka mingi na hakuna aliyelalamika.

Kisha nikahamishiwa senta moja kwenye barabara ya kwenda Bulyanhulu. Huko karibu kila mtu alikuwa ametoka kwingine: Mbeya, Kigoma, Musoma, Singida. Wenyeji waliokuwa wakilima mahindi walikuwa wamejenga nyumba ndefu za vyumba, koridoo katikati, na wachimbaji wamejaa humo. Asubuhi yangu ya kwanza, kabla sijajua hata choo cha ofisi kiko wapi, aliingia mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wachimbaji.

"Mtendaji," alisema, "mwenye nyumba ameondoka na mlango wangu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Ofisini alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nkwabi, mtu mwenye pumu na ukali wa bure, aliyewahi kuwa mpima pamba. Hakuuliza kitu. Alichukua kofia yake, tukaongozana. Tulikuta chumba kiko wazi kweli, bawaba zimebaki ukutani, na watu wanachungulia vyombo vya yule mama. Mzee Nkwabi akakaa kizingitini, akanyoosha miguu. Mwenye nyumba alipofika akamuuliza anafanya nini.

"Nazuia upepo," alisema Mzee Nkwabi.

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka mlango urudi."

Mlango ulirudi kabla ya jua kuzama. Njiani mzee akaniambia, huku akihema, "Yule hakukosea kukitaka chumba chake. Chumba ni chake. Amekosea njia. Wewe kazi yako ni njia."

Ndiye aliyenifundisha kusoma mikataba ya kupanga kuanzia chini. "Juu watu bado wanapendana," alisema. "Chini ndipo wanapoachana." Mikataba yetu huandikwa kwenye maduka ya fotokopi. Binti wa dukani ana mkataba mmoja kwenye kompyuta, kazi yake ni kubadilisha majina. Nimewahi kusoma mkataba wa chumba cha saluni unaomtaka mpangaji arudishe trekta likiwa na matairi yake yote. Wote wawili walikuwa wametia saini.

Chini huko ndiko kunakuwa na kifungu cha kuvunja mkataba kabla ya muda. Watu wengi wanakichanganya na mwisho wa mkataba. Mwisho ni tarehe: imefika, mnaagana au mnaandika upya. Kuvunja ni jambo jingine. Muda bado upo, lakini mkataba wenyewe umeacha njia ya kutokea, na njia hiyo ina masharti. Soma inafunguka lini, maana mingine inasema mpaka miezi sita ya kwanza ipite. Soma nani anaruhusiwa kuipita. Soma taarifa inatakiwa itolewe muda gani kabla, na kwa maandishi au vipi. Kama kifungu hicho hakipo, hakuna wa kukitunga peke yake ukumbini kwake. Itabidi wakubaliane, na hapo ndipo utakaponunua dawa ya kichwa.

Nilijifunza hilo la "nani" kwa kijana mmoja dereva wa mitambo, nitamwita Daudi. Alipunguzwa kazi muda mfupi tu baada ya kulipia nyumba ya mwaka mzima. Alikuja na mkataba wake akiwa na nafuu usoni kwa sababu amekiona kifungu cha kuvunja. Nikakisoma. Kilisema mwenye nyumba anaweza kuvunja. Mpangaji hakutajwa. Nilikisoma tena polepole, kama vile maneno yangeona haya yakabadilika. Mke wake, mjamzito wa kukaribia, alikuwa amekaa kwenye benchi akiangalia mdomo wangu. Mwenye nyumba alikuwa ndani ya haki yake na aliitumia yote, hakurudisha kitu. Waliondoka kwenda kwao Singida juu ya lori la mbao kwa sababu nauli ya basi haikuwepo. Yule dada alijifungulia njiani, na mtoto hakuishi. Daudi mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Hakulaumu mtu. Alitaka tu kujua kama kuna mahali pa kukata rufaa, na sikuwa napo.

Baada ya hapo, mtu akiniletea mkataba kabla ya kusaini, nilikuwa namsomea kifungu hicho kwa sauti hata kama hakutaka. Wenye nyumba hawakunipenda kwa hilo.

Notisi yenyewe ni karatasi ndogo, lakini ikikosewa inazaa kesi kubwa. Iandikwe. Maneno ya mdomo uani, huku mtu anafua, si notisi; kesho atasema alikuwa anatania. Itaje chumba, kifungu kinachotumika na siku ya kutoka. Ziwe nakala mbili, mpokeaji asaini moja na aandike siku aliyoipokea, kwa kuwa muda unahesabiwa toka siku hiyo, si siku ulipokasirika ukaiandika. Akikataa kupokea, andika kwamba amekataa, mbele ya shahidi asiye shemeji yako. Na ukishatoa notisi, usiendelee kupokea kodi ya muda wa mbele, utakuwa unafukuza kwa mkono mmoja na kukaribisha kwa mwingine.

Yote hayo nilikuwa nayajua vizuri nilipofika Geita, mtaa wangu wa mwisho. Baba Shija naye aliyafuata yote, kipengele kwa kipengele. Ndiyo maana nataka kumweleza.

Baba Shija alikuwa Msukuma mwenzangu, fundi baiskeli wa zamani. Yeye na mkewe walijenga nyumba ya vyumba sita pembezoni mwa mji, tofali baada ya tofali, wakati bado kule ni mashamba ya mihogo. Upande mmoja wa koridoo aliishi na familia yake. Upande wa pili alikuwa amempangisha Ezekieli, Muha wa Kasulu, na mkewe Mama Upendo, mshonaji wa sare za shule. Ezekieli alikuwa fundi wa matimba, zile mbao zinazoshindiliwa ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji, ili udongo usimwangukie. Kazi hiyo inataka mtu mpole, na yeye alikuwa mpole kupita kiasi. Watoto wa pande zote mbili walikula sinia moja. Mama Shija alipougua mguu, Mama Upendo ndiye aliyemchotea maji mwezi mzima. Waliandika mkataba wa miaka miwili, na chini kilikuwepo kifungu cha kuvunja: upande wowote, baada ya miezi sita ya kwanza, kwa notisi ya maandishi ya miezi mitatu.

Halafu jirani mmoja alichimba choo akakutana na mwamba mweupe wenye rangi. Kwetu rangi ni dhahabu, na neno hilo halihitaji redio. Wiki hiyo hiyo watu walianza kuangalia sakafu zao kwa macho mengine.

Baba Shija alikuja ofisini asubuhi akiwa amevaa koti la kanisani.

"Habari za kazi, Mama Kulwa."

"Nzuri, Baba Shija. Nyumbani?"

"Nyumbani wazima. Nataka vyumba vyangu vya upande wa pili. Shija anaoa."

Shija, kifungua mimba wake, alikuwa kijana mkimya. Sikuwa nimesikia habari za posa, lakini si kazi ya mtendaji kujua posa zote. Nilisoma mkataba, nikamwambia anayo haki, ila ni miezi mitatu toka siku Ezekieli atakapopokea karatasi.

"Miezi mitatu!" alisema. "Mayu, mama yangu, miezi mitatu ni mingi."

"Ndiyo mliyoandika."

"Haiwezi kupungua?"

"Ezekieli akikubali, inaweza kuwa hata kesho. Asipokubali, ni mitatu."

Aliandika notisi pale pale kwenye meza yangu, kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Nilikwenda naye kuipeleka. Ezekieli aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akasaini, akaandika tarehe, akasema, "Sawa, Baba Shija. Kijana akioa lazima apate pa kulala." Hakukuwa na ugomvi. Nilirudi nikiwa nimeridhika, nikaiweka nakala ya tatu, ya ofisi, kwenye faili. Laiti kesi zote zingekuwa hivyo, niliwaza.

Mwezi ukapita. Siku moja Ezekieli akaja ofisini na matope ya kazini miguuni.

"Shikamoo, Mama Mtendaji."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakukaa. "Chini ya kitanda changu kuna mtu anafanya kazi," alisema.

Nikamwomba arudie.

"Kuna mtu anapasua mwamba kwa moko chini ya sakafu yangu. Mchana, redio ya kina Baba Shija ikiwa juu sana. Nilidhani ni masikio yangu, maana kazi yetu inakaa masikioni. Nikaweka bakuli la maji sakafuni. Yanatetemeka, Mama. Wameanzia stoo yao ya nyuma, wakashuka, sasa wanafuata mwamba, na mwamba unakuja kwangu. Hakuna harusi."

Tulikwenda, mimi na mwenyekiti wa mtaa. Redio ilikuwa inaimba kwaya kwa sauti ya kupasua spika. Baba Shija alitupokea uani na kutuletea viti. Stoo ilikuwa na kufuli kubwa jipya. Nilimwambia afungue, akasema ufunguo anao Shija na Shija amekwenda Katoro. Wakati anasema hivyo, Shija alikohoa mle ndani.

Mama Shija, aliyekuwa anachambua mchicha, aliinuka akaingia jikoni.

"Baba Shija," nikasema, "watu wanalala juu ya hilo shimo. Na wewe mwenyewe unalala juu yake."

"Mama Kulwa, nimelima pamba miaka yote, unajua ilivyonilipa. Nimetengeneza baiskeli mpaka watu wakahamia bodaboda. Mungu ameniwekea kitu chini ya nyumba yangu mwenyewe. Nikiache wakichukue wengine?"

"Kuchimba kwenye makazi hakuruhusiwi."

"Nimempa notisi. Nimefuata sheria. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

Hilo lilikuwa kweli, na alilisema bila kejeli. Aliamini kwamba karatasi ile imemaliza deni lake lote kwa yule mpangaji. Nimewaona wengi namna hiyo. Wanadhani notisi ni tangazo kwamba nyumba imesharudi mikononi mwao. Lakini katika miezi ile ya notisi nyumba bado ni ya mpangaji kama ilivyokuwa jana, sakafu na kilicho chini ya sakafu kikiwa salama.

Nilitoa taarifa kwa watu wa madini siku hiyo hiyo. Walikuja, wakaliona shimo, wakamwandikia amri ya kusimamisha na kulifukia. Baba Shija alisaini. Alifukia mdomo wa shimo kwa magunia ya pumba na udongo kidogo juu, kila mtu akaliona limefukiwa. Baada ya siku chache redio ikaanza tena.

Nilimwita Ezekieli nikamwambia aondoke.

"Kodi yangu ya mpaka mwisho iko kwake," alisema. "Nikiondoka leo atasema nimevunja mkataba mwenyewe, na pa kuhamia nitapalipa na nini?"

Hapo nilimweleza jambo ambalo na ninyi mlijue. Mpangaji haachi chumba kwa kulala kwingine. Akiwa na kufuli lake mlangoni na vyombo vyake ndani, bado ni mpangaji, na akiandika kwa nini amelala nje, anazidi kuwa na nguvu. Tuliandika barua hiyo pamoja. Mama Upendo na binti yake wakahamia kwa mama mmoja wa kanisani kwao, mtaa wa pili. Ezekieli naye alikubali kulala huko. Mchana tu, akitoka kazini, alipitia kuangalia kufuli na kuoga. Niliona tumefanya linalofanyika. Mpaka leo naona hivyo, na haisaidii.

Ilikuwa asubuhi, saa za chai, mwanamke mmoja alipoingia ofisini mbio bila kanga kichwani. Nyumba ya Baba Shija imekaa chini, alisema. Hivyo ndivyo alivyosema, imekaa chini, na nilipofika nikaona hakukosea. Stoo na chumba cha Baba Shija vilikuwa vimezama, bati limejikunja juu yake. Vumbi lilikuwa bado halijatua. Shija alikuwa chini.

Watu walikuwa wengi, na wengi wao wachimbaji. Baba Shija alikuwa amepiga magoti anachimba kwa mikono. Wenzake wakamshika mabega. Kila aliyechungulia kwenye ule ufa alirudi nyuma akisema udongo bado unatembea. Sauti ya Shija ilikuwa inasikika, anamwita mama yake. Mama Shija alimjibu kila alipoita: "Nipo, ng'wanawane. Nipo, mwanangu."

Ezekieli akatokea upande wa barabarani, mfuko wa kazi begani. Alikuwa ametoka zamu. Alisimama akasikiliza kidogo, kisha akamwinamia Baba Shija.

"Huko chini mmeweka mbao gani?"

Baba Shija hakuinua uso. "Hatukuweka mbao," alisema.

Ezekieli akanyooka. Alivua shati akalikunja, akaliweka juu ya tofali. Akaenda kwenye vyumba vyake, akafungua kufuli, akaanza kutoa kitanda. Kilikuwa kitanda cha mninga walichokuja nacho kutoka Kasulu walipooana. Akakipasua kwa shoka. Akang'oa fremu ya mlango wake, kisha akaomba nguzo za uzio wa jirani.

Nilimshika mkono. "Ezekieli, usishuke. Wameitwa watu wa uokoaji, wako njiani."

"Mama, huyu hana muda huo. Nani mwingine hapa anajua kupiga matimba?"

Walikuwepo waliojua. Niliwaona wakiangalia viatu vyao, na siwalaumu, wana watoto.

Alishuka. Tulikuwa tunampitishia mbao, naye tunamsikia akizishindilia, anapiga mara chache kisha anatulia kusikiliza. Alikuwa anaongea na Shija kwa sauti ya kawaida, kama watu walio kwenye foleni ya maji. Mama Upendo alifika wakati huo. Aliliona shati juu ya tofali, akalichukua, akasimama nalo.

Shija alitolewa mguu ukiwa umevunjika na uso mweupe kwa vumbi. Watu walipiga kelele za furaha. Walikuwa bado wanamvuta Shija kwa kamba ukingoni, wote wamesogea upande mmoja, wote wanataka kumshika. Ukuta wa koridoo, ule uliokuwa katikati ya Baba Shija na mpangaji wake, ukalala ndani ya shimo mzima mzima, Ezekieli akiwa bado chini. Haukutoa hata mlio mkubwa.

Walichimba mpaka kesho yake ndipo wakampata. Zile mbao za kitanda alizozisimamisha yeye, walisema, hazikuwa zimesogea. Ukuta ulitoka juu.

Tulimzika Geita, kwa sababu safari ya Kasulu na mwili haikuwezekana. Baba Shija alichukuliwa na polisi kwa ajili ya lile shimo, kisha akatoka kwa dhamana wakati kesi inaendelea. Wiki ile alizeeka. Alikuja ofisini bila koti, akakaa kwenye benchi akisubiri watu wote watoke.

"Mama Kulwa," alisema, "nataka kuifuta ile notisi."

Sikumwelewa mara moja. Vyumba vya Ezekieli vilikuwa bado vimesimama, upande huo wa nyumba ulikuwa mzima ingawa haukufaa kukaliwa. Muda wa notisi ulikuwa bado haujaisha.

"Kuifuta kwa nini?"

"Watu wanasema nilikuwa namfukuza. Amekufa nikiwa nimemfukuza. Nataka ifutwe. Mama Upendo akae, yeye na mtoto. Upande ule nitaukarabati kwanza. Akae miaka anayotaka, sitamdai kitu."

Ilibidi nimwambie sheria, maana ndiyo kazi niliyoapishwa. "Notisi ikishapokelewa, aliyeitoa hawezi kuirudisha peke yake. Ni mpaka aliyepewa akubali."

"Aliyepewa amekufa."

"Mkewe yupo."

Tulikwenda wote wawili. Mama Upendo alikuwa kwenye chumba cha yule mama wa kanisani, anapanga nguo kwenye begi. Kaka yake alikuwa amekuja kumchukua. Cherehani ilikuwa imefungwa kamba tayari. Alimwamkia Baba Shija kwa heshima kama alivyokuwa akimwamkia siku zote, shikamoo baba, na Baba Shija akashindwa kuitikia. Alitoa ile karatasi mfukoni, nakala yake, yenye saini ya Ezekieli na tarehe kwa mkono wake.

"Mwanangu, naifuta hii," alisema. "Nimekuja nayo mbele ya Mtendaji. Rudini nyumbani."

Mama Upendo aliacha nguo. Akanigeukia mimi.

"Mama Mtendaji, akiifuta inakuwaje?"

"Ukikubali, inakuwa kama haikuandikwa."

"Na nisipokubali?"

"Inabaki kama ilivyo. Muda wake utaisha, na mkataba utaisha."

Aliiomba ile karatasi. Aliisoma yote, taratibu, mpaka chini kwenye saini, akaweka kidole juu ya jina la mumewe, kisha akairudisha kwa mikono miwili.

"Basi sikubali," alisema. "Iliandikwa."

Baba Shija alibaki ameishika. Mama Upendo akarudi kwenye begi lake, akaendelea kukunja nguo za binti yake.

Tuliporudi ofisini niliandika nyuma ya nakala yangu, kama inavyotakiwa, kwamba mwenye nyumba ameomba kufuta notisi na upande wa mpangaji haukukubali, nikagonga muhuri. Baba Shija aliomba na yeye nakala. Nikampa.